Namna ya Kumchunguza Buibui wa Hema

Buibui wengi wafumao utando wa duara huufuma upya karibu kila siku, lakini buibui wa hema, ambaye wanasayansi humwita Cyrtophora citricola, hukaa na utando wake kwa muda mrefu akiutia viraka tu. Kwa hiyo chagua utando mmoja, uukariri mahali ulipo, kisha uurudie siku baada ya siku.

Mtafute asubuhi, umande ungali haujakauka, kwenye mimea yenye matawi magumu au miiba kama vile mpungate, mkonge na michungwa, ambayo ndiyo iliyompa jina lake la pili la kisayansi, citricola. Umande ukikosekana, nyunyiza maji membamba kama ukungu. Utaona shuka la nyuzi lililotandazwa kilalo, limeinuka katikati kama kilele cha hema, huku juu na chini yake nyuzi nyingine zikipita ovyoovyo. Ukisogeza jicho karibu, utakuta shuka hilo lina vitundu vidogo vya pembe nne kama vya chandarua. Liguse taratibu kwa bua la nyasi: halinati.

Kwa kuwa nyuzi hazina gundi, mdudu arukaye hugonga zile za juu, akapepesuka na kuangukia shuka, naye buibui aliyekuwa akining'inia chini ya kilele humkimbilia na kumuuma kupitia vitunduni. Mawindo mengine humponyoka, lakini mvua na upepo haviuharibu utando wake upesi, na hariri yake haipotei bure.

Jike hufikia urefu wa sentimita 1 hivi, ilhali dume ni mdogo mno, takriban milimita 3. Hapa ndipo pa kutulia zaidi. Juu ya jike huning'inia mnyororo wa vifuko vya mayai vilivyopangwa wima na kupachikwa masalia ya mawindo, nao hufanana na kijiti kikavu. Mara ya kwanza nilihesabu vifuko vinne. Cha nne kilipokunjua miguu nikatambua kuwa ni mama mwenyewe, kwani tumbo lake lina vinundu na ncha yenye panda.

Makinda wengi hujenga karibu na mama, nyuzi zikashikana hadi kufunika kichaka. Buibui huyu hana madhara kwa binadamu, basi usiubomoe utando. Andika tarehe, idadi ya vifuko na mahali jike alipokaa, kisha urudi kesho saa ileile.