Kukodi shamba Muheza: kagua ardhi kabla ya kutoa pesa

Anayetoka Tanga mjini kutafuta shamba la kukodi vijiji vya Muheza mara nyingi huonyeshwa shamba siku ya jua, limeshafyekwa, na mwenyewe anasubiri malipo. Siku hiyo usilipe. Shamba litazamwe Aprili au Mei, masika yakiwa yamekolea, uone maji yanatuama wapi. Na Februari, uone kisima gani bado kina maji. Ukishindwa kwenda mara mbili, waulize wanaopakana na shamba hilo.

Kwanza kipimo. Ekari ya kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo inakaa sawa kwa hatua ya sentimita 90 hivi. Mtu akipiga hatua za sentimita 75, kila upande unakuwa mita 52 na nusu, na karibu theluthi ya ekari unailipia bure. Nenda na kamba ya mita 64 uliyoipima mwenyewe kwa futi, mpime pamoja, majirani wakiwepo.

Kisha udongo, na hapa usifanye haraka. Chimba mashimo matatu ya kina cha sentimita 60: juu ya mteremko, katikati na bondeni, kwa sababu shamba moja laweza kuwa jekundu juu na la mfinyanzi mweusi chini. Chukua udongo wa kila shimo, ulowanishe, uusokote kiganjani. Ukikataa kushikana, ni mchanga: maji na mbolea vitapita tu. Ukitoka uzi unaopindika kuwa pete bila kukatika, ni mfinyanzi mzito. Ukisokoteka lakini ukakatika unapoupinda, huo wa katikati ndio mzuri kwa mihogo na mahindi. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ni alama kwamba maji hukaa hapo muda mrefu, hata kama leo pamekauka. Hakikisha kwa kujaza shimo maji, yakinywewa jaza tena. Yakikutwa kesho yake, mihogo itaoza mizizi. Hapo panda mpunga au paache.

Angalia pia mabua ya mahindi yaliyobaki. Ukiona chini yake vijimea vya kiduha, vyenye maua madogo mekundu au ya zambarau, punguza bei au tafuta kwingine: mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na kiduha hunyonya mizizi ya mahindi kabla hujakiona juu ya ardhi. Mihogo haiguswi.

Ukitaka uhakika zaidi, kituo cha utafiti wa udongo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano kiko humohumo Muheza. Chota udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kwenda mshazari, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, upeleke nusu kilo. Usichote penye kichuguu, jivu au zizi la zamani. Ukichota hapo, majibu yatakudanganya kuhusu shamba zima.

Jambo linalowaponza wageni zaidi ni miti. Pwani yetu, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi au miembe iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Mwenye mnazi ana haki ya kuingia kuangua, na nazi zitaangukia mazao yako. Uliza mti mmoja mmoja ni wa nani, uandikwe. Wewe nawe usipande mchungwa wala mnazi bila idhini: mti wa kudumu huonekana kama madai ya ardhi, na ugomvi huanzia hapo. Ikiwa shamba ni la mirathi, ndugu wote watie sahihi, la sivyo mmoja atatokea wakati wa mavuno.

Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, kila upande ubaki na nakala. Muda wa mkataba uhesabiwe kwa zao. Kwa mahindi msimu mmoja unatosha, ila mihogo huhitaji miezi 9 hadi 12 na zaidi kwa mbegu nyingine. Mkataba wa Machi hadi Machi hukwisha mihogo ingali ardhini, ukiwa umechelewa kupanda. Andikeni "hadi mihogo iliyopandwa ing'olewe yote", kisha mtaje mwezi wa mwisho.