Vitu vya usafi kwa anayeondoka Kigoma kwa miezi mingi: mambo ya kuzingatia kabla

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa treni ni kilomita zipatazo 1,250. Safari inakula siku mbili hivi, na mvua zikiharibu njia inakula zaidi. Wengi wanaokwenda kukaa miezi sita, kwa masomo au kwa kazi, hufungasha kana kwamba waendako hakuna duka: mche mzima wa sabuni, losheni ya nusu lita, dawa za meno tatu. Halafu treni ikiingia Tabora asubuhi, mswaki uko chini kabisa ya begi, na begi limelaliwa na magunia ya watu.

Kwa hiyo tenga mafungu mawili tangu nyumbani. La kwanza ni la njiani, liwe kwenye kimfuko kidogo kisichotoka mkononi. La pili ni la wiki mbili za mwanzo, kabla hujajua duka liko wapi na fedha yako inatosha nini. Vinavyobaki utanunua huko huko.

Fungu la njiani ni dogo: mswaki, dawa ya meno, kipande cha sabuni, karatasi za chooni, ndala za kuingilia msalani, na kanga badala ya taulo, maana kanga inakauka upesi hata ikianikwa ndani ya behewa. Beba na chupa ya maji ya lita moja na nusu ya kupigia mswaki na kunawa uso. Usiyategemee maji ya bomba la treni.

Sabuni ya mawese tunayoizoea hapa kwetu inasafiri vizuri, ila usibebe mche. Kata kipande cha ukubwa wa kiberiti siku tatu kabla, ukiache dirishani kikauke. Chukua kopo tupu la siagi, tandika kipande cha dodoki chini, sabuni ikae juu yake. Sabuni yenye maji ikifungiwa kwenye kopo tupu hugeuka uji kabla hujafika. Dodoki huinyanyua, maji yanashuka chini.

Losheni na mafuta ndiyo ya kuangalia sana. Mwaka niliokwenda chuo, chupa ya losheni ilifunguka ndani ya begi langu. Vyeti vilikuwa chini yake, kwenye bahasha ya kaki. Cheti cha kidato cha nne kilitoka na doa la mafuta lililopenya hadi nyuma, ukikigeuza unausoma mhuri kinyumenyume. Niliumia sana. Tangu hapo vyeti vyangu havikai begi moja na kitu chochote cha maji, na kila chupa naifanyia hivi: naibana hewa itoke, naweka kipande cha nailoni mdomoni, nakaza kifuniko juu yake. Usiku wa kuamkia safari naisimamisha kichwa chini juu ya karatasi. Karatasi ikipata alama, chupa hiyo inabaki nyumbani.

Kwa dawa ya meno, piga hesabu. Gramu moja asubuhi na moja usiku, tyubu ya gramu 100 inakutosha siku 50. Moja inatosha kuanzia.

Dada zangu, pedi zisingoje kununuliwa njiani. Kwa siku tano, ukibadilisha mara nne au tano kwa siku, ni pedi 20 hadi 25, yaani pakiti tatu za kumi kumi. Anayetumia vitambaa vya kufua abebe za kutupa kwa siku za treni, kwa kuwa vitambaa vinataka maji mengi na jua kali. Mfuko wa kuwekea zilizotumika uwepo pia. Dirishani si pa kutupia.

Dawa unazoandikiwa na daktari, na mafuta ambayo ngozi yako haikubali mengine, beba ya miezi miwili, kwenye vifungashio vyake.

Ukiunganisha ndege ya kwenda nje, kuna jambo moja zaidi. Tangu 2006 viwanja vingi vya ndege haviruhusu kwenye begi la mkononi chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100, na chupa zote ziingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Dawa ya meno na mafuta ya mgando vinahesabiwa humo. Kinachotazamwa ni kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo chupa ya mililita 400 iliyobaki kidogo chini nayo itatolewa. Wembe uweke kwenye begi kubwa.

Mswaki ufunge mwisho, asubuhi ya kuondoka, ukiwa umekung'utwa maji. Ukifungwa mbichi unafika unanuka.