Somo: Jinsi ya kusawazisha folda za kompyuta na hifadhi ya mtandaoni bila kupoteza faili

Wakuu, salaam. Leo tushike suala la kusawazisha folda, ambalo wengi wetu tunaliita kusinki. Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja lazima lieleweke: folda iliyosawazishwa ni folda moja inayoonekana sehemu mbili, kwenye kompyuta na mtandaoni. Ukiongeza faili huku, na kule inaongezeka. Ukifuta huku, kule nako inaondoka. Mimi niliwahi kujaza diski ya laptopu, nikajiambia picha za familia zipo mtandaoni, nikafuta folda nzima ili nipate nafasi. Jioni nafungua simu, hakuna hata moja. Usiku ule sikulala hadi nilipozikuta kwenye tupio. Somo hili naliandika ili mwingine asipitie hayo.

Mfano wetu ni Google Drive kwenye Windows. Kwa OneDrive na Dropbox, ambazo nazo ni huduma za kuhifadhi faili mtandaoni, vitufe vina majina mengine, ila mwendo ni uleule.

Hatua ya 1: Pima mzigo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, usome ukubwa. Bila malipo Google wanatoa GB 15, lakini humo humo zinakaa barua za Gmail na picha za Google Photos. OneDrive ni GB 5, Dropbox ni GB 2. Kisha angalia kasi yako ya kupakia, maana mara nyingi huwa ndogo kuliko ya kupakua. Folda ya GB 10 kwenye kasi ya Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) inachukua kama saa 11 mfululizo. Ukilijua hilo mapema hutadhani programu imekwama.

Hatua ya 2: Safisha. Usisawazishe diski yote. Tengeneza folda moja, iite hata "Kazi", uweke humo vitu unavyovihitaji kweli. Filamu na mafaili ya kusakinishia programu yaache nje. Usiingize pia folda ambayo tayari inasawazishwa na huduma nyingine. Huduma mbili kwenye folda moja zitavutana, na utaanza kuona faili zinajirudia.

Hatua ya 3: Sakinisha programu. Ipakue kutoka tovuti ya Google Drive yenyewe, kisha ingia kwa akaunti yako. Hapo hapo washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri pekee lisitoshe kuingia kwenye akaunti. Bila huo, kuanzia sasa atakayepata nenosiri lako atakuwa amepata na folda zako.

Hatua ya 4: Ongeza folda. Chini kulia, karibu na saa, utaona alama ya Drive. Ibofye, bofya alama ya gia, ingia kwenye mapendeleo. Upande wa kushoto kuna sehemu ya kompyuta yako. Humo ongeza folda yako ya "Kazi". Utaulizwa isawazishwe na Drive au nakala ziende Google Photos. Chagua Drive, kisha hifadhi. Ukiingia Drive kwa kivinjari usiitafute kwenye Hifadhi Yangu (My Drive, folda kuu ya Drive), ipo sehemu iliyoandikwa Kompyuta. Wengi hudhani kazi imeshindikana kwa sababu wanatazama mahali pasipo.

Hatua ya 5: Amua faili zikae wapi. Hapa tuliza akili. Folda uliyoiongeza katika hatua ya 4 inabaki kwenye diski yako muda wote, kwa hiyo haikuokolei nafasi hata kidogo. Hifadhi Yangu ndiyo yenye machaguo mawili. La kwanza ni kutiririsha: faili zinabaki mtandaoni, kompyuta inaonyesha majina yake tu, na faili inashuka pale unapoifungua. Hili linaokoa diski, ila intaneti ikikatika unaweza kufungua zile tu ulizoziwekea alama ya kupatikana nje ya mtandao. La pili ni kuakisi: kila kitu kinakuwepo pande zote mbili, unafanya kazi hata bila mtandao, lakini diski inabeba mzigo wote. Mwenye diski ndogo atiririshe. Mwenye intaneti ya kukatikakatika aakisi.

Anayetumia OneDrive asome alama iliyo kando ya faili. Wingu maana yake ipo mtandaoni tu, tiki ya kijani maana yake imeshashuka kwenye kompyuta. Ukitaka nafasi, bofya kulia uchague kuachia nafasi. Usichague kufuta. Maneno hayo mawili yako kwenye menyu moja na matokeo yake ni mbingu na ardhi.

Hatua ya 6: Jaribu kabla hujaamini. Tengeneza faili dogo la maandishi ndani ya "Kazi", litafute kwenye simu. Kisha lifute kwenye kompyuta, uingie kwenye tupio la Drive ulirejeshe. Ni dakika chache, na siku ya tatizo utakuwa tayari unaijua njia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, natumia bando la simu. Hii kitu si itanimaliza?

Jibu: Ukiiacha bila mipaka, ndiyo. Kwenye gia kuna kitufe cha kusitisha usawazishaji, na ndani ya mapendeleo unaweza kuweka kikomo cha kasi ya kupakia na kupakua. Kikomo hicho kinapunguza mwendo tu, ukubwa wa mzigo ni uleule. Kwa hiyo mzigo wa kwanza upakie ukiwa kwenye intaneti isiyo na kikomo; baada ya hapo yanapanda mabadiliko tu. Kwenye Windows pia iweke Wi-Fi ya simu yako kuwa mtandao wenye kikomo, maana OneDrive ikiuona hivyo husitisha yenyewe.

Swali: Faili niliyofuta inakaa kwenye tupio muda gani?

Jibu: Google Drive ni siku 30, kisha inafutwa moja kwa moja. Ndiyo maana nasisitiza: kusawazisha hakuchukui nafasi ya nakala rudufu, yaani nakala ya akiba iliyowekwa pembeni. Hata virusi vinavyofunga faili kwa nywila vikiingia, faili zilizoharibika nazo zitapanda mtandaoni. Matoleo ya zamani ya faili yanaweza kukuokoa, lakini vitu usivyoweza kuvipata tena viweke pia kwenye diski ya nje unayoichomoa ukimaliza.

Swali: Asante kwa somo mkuu. Mimi na mwenzangu tunafungua faili moja kwenye kompyuta mbili, mara tunakuta nakala mbili. Tatizo nini?

Jibu: Mmehariri wote wawili kabla mabadiliko ya mmoja hayajamfikia mwingine. Huduma haijui nani yuko sahihi, inatunza zote. Kabla ya kufunga kompyuta subirini alama ionyeshe usawazishaji umekamilika. Kama mnaandika kwa pamoja kila siku, hamieni Google Docs, huko mnaonana moja kwa moja.

Swali: Naweza kuweka hifadhidata ya programu yangu ya mahesabu humo?

Jibu: Usiweke, ndugu yangu. Programu ya namna hiyo huandika kwenye faili muda wote ikiwa wazi, na usawazishaji unaweza kupandisha toleo la katikati lisilokamilika. Iache ilipo. Mwisho wa siku ifunge programu, toa nakala kwa kitufe chake chenyewe, na nakala hiyo ndiyo uiweke kwenye "Kazi".

Swali: Nataka kuitoa folda kwenye usawazishaji lakini sitaki kupoteza kitu. Nifuteje?

Jibu: Usifute chochote. Rudi kwenye mapendeleo, bofya folda hiyo, ondoa tiki ya kusawazisha na Drive, hifadhi. Faili zitabaki kwenye kompyuta na zitabaki Drive, ila hazitafuatana tena. Fungua Drive kwa kivinjari uhakikishe zipo zote, ufungue mbili tatu uone zinasomeka, ndipo uamue upande gani wa kupunguza.