Nyumba ya kupangisha: ujenge mwenyewe au uingie ubia?

Kabla ya kumtafuta mbia, fanya hesabu ya nyumba yenyewe. Wengi huanza kinyume: wanakubaliana kwanza kuungana, wanakusanya fedha, halafu baada ya miaka miwili ya kupangisha ndipo wanagundua kwamba nyumba ile isingelipa hata ingekuwa ya mtu mmoja. Ubia hauponyi nyumba isiyolipa.

Tuchukue mfano wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Kiwanja Sh milioni 30, ujenzi Sh milioni 90, sehemu nne zenye chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, kila moja Sh 250,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi hiyo ni Sh milioni 12 kwa mwaka. Sasa anza kutoa. Kila sehemu ikae wazi mwezi mmoja kwa mwaka wapangaji wakibadilishana: zinabaki milioni 11. Kodi ya zuio ya pango, asilimia 10: milioni 1.1. Matengenezo, weka asilimia 1 ya thamani ya jengo: laki tisa. Kunyonya shimo la choo, umeme wa pampu na taa za nje, msafi, rangi kila mpangaji anapohama, pango la ardhi na kodi ya jengo inayokatwa unaponunua umeme wa LUKU: tenga milioni 1. Mfukoni inabaki milioni 8, yaani asilimia 6.7 hivi ya milioni 120 ulizoweka. Hatifungani za Serikali, yaani fedha unayoikopesha Serikali kwa riba, za miaka 20 na 25 zimewahi kutoa riba ya zaidi ya asilimia 15, bila fundi wala dalali. Nyumba ina faida yake, kwa kuwa kiwanja hupanda thamani na pango hupanda nacho, lakini usiingie ukidhani kila mwezi utavuna milioni nzima.

Pango usilipate kwa dalali peke yake. Yeye anakutajia bei inayotakiwa; wewe unataka bei inayolipwa. Waulize wapangaji wa mtaa huo wanalipa ngapi, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kutoka kituo cha daladala wanatembea dakika ngapi. Kisha hesabu nyumba zilizo wazi na uulize zimekaa hivyo kwa wiki ngapi. Nenda pia siku ya mvua kubwa, kwa sababu kiwanja kinachouzwa kiangazi huenda masika kikawa mkondo wa maji.

Ukikopa benki nusu ya fedha, milioni 60 kwa riba ya asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 9.6. Nyumba inakupa milioni 8. Utakuwa unaongezea kutoka kwenye mshahara kabla hujagusa deni lenyewe. Hapo ndipo wazo la mbia linapopata maana, kwa kuwa fedha ya mbia haidai riba kila mwezi.

Hata hivyo, jaribu kwanza kupunguza nyumba. Jenga sehemu mbili, zianze kuingiza pango, ndipo uongeze nyingine mbili. Shimo la maji taka lichimbwe la kutosha sehemu nne tangu mwanzo, njia za mabomba na nyaya ziachwe, na ukuta wa upande wa kuongezea usiwekwe madirisha. Ukiweza hivyo, huhitaji mbia. Mbia anafaa pale analeta kitu usichoweza kukipata kwa njia nyingine: kiwanja mahali pazuri, au fedha taslimu inayochukua nafasi ya mkopo. Anayeleta ujuzi wa kusimamia mafundi mlipe ujira wa kusimamia. Usimpe hisa za maisha kwa kazi ya miezi minane.

Hati kwanza, msingi baadaye

Ugomvi mbaya zaidi huanzia hapa. Mmoja ana kiwanja, mwingine ana fedha, wanaaminiana, nyumba inasimama kwenye kiwanja chenye jina la mmoja. Mwenye kiwanja akifariki, msimamizi wa mirathi anakuta hati yenye jina la marehemu peke yake, na mbia aliyetoa mamilioni anabaki na risiti za saruji mkononi.

Anzeni na upekuzi kwa Msajili wa Hati: unaonyesha mmiliki aliyeandikishwa, rehani kama ipo, na zuio kama limewekwa. Kiwanja kisichopimwa hakina cha kupekua huko, na leseni ya makazi ni ya muda mfupi. Kwa ubia, pimeni na kupata hati kwanza, au tafuteni kiwanja kingine. Kisha majina ya wabia wote yaingie kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua namna mbili za watu kumiliki pamoja. Kwa ya kwanza, mmoja akifariki sehemu yake inakwenda kwa mwenzake aliyebaki. Hiyo iacheni kwa wanandoa. Kwa ya pili, kila mtu ana hisa yake inayojulikana na inayorithiwa na watu wake. Wabia wa biashara wanahitaji hiyo ya pili, na asilimia ziandikwe. Kama kiwanja ni mali ya familia, mke au mume wa mwenye nacho asaini kuridhia.

Mbia asiye raia ni jambo la kumwuliza wakili wa ardhi kabla ya kupokea hata shilingi yake, akiwemo ndugu aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza, kwa sababu kumiliki ardhi kwa asiye raia kuna masharti yake.

Na kampuni? Kwa watu wawili au watatu wenye nyumba moja, hisa kwenye hati na mkataba uliosainiwa mbele ya wakili vinatosha. Kampuni ina gharama za BRELA, wakala wa kusajili kampuni, mahesabu ya kila mwaka na kodi ya asilimia 30 ya faida. Wabia wakifika watano, au majengo yakiwa mawili na zaidi, hapo kampuni inaanza kustahili gharama yake.

Hisa zifuate fedha iliyofika

Turudi kwenye mfano. Asha ana kiwanja, kimethaminiwa na mthamini aliyesajiliwa kwa milioni 30. Baraka anaahidi milioni 60, Chacha milioni 30. Hisa ni asilimia 25, 50 na 25. Ila ahadi haijengi nyumba. Gaweni ujenzi kwa hatua: msingi milioni 18, kuta hadi linta 18, kupaua 18, umaliziaji 36. Kila hatua Baraka anaweka theluthi mbili na Chacha theluthi moja, na fundi haanzi mpaka fedha ya hatua nzima iwe benki.

Watu hukwama kwenye umaliziaji, maana hapo ndipo fedha nyingi hunywewa: vigae, milango, madirisha, umeme, mabomba, rangi. Boma linakaa miaka, nondo za nguzo zinachomoza na kutu, mbao za paa zinapinda. Kwa hiyo mkataba useme: mbia akichelewa siku 30, mwenzake anaruhusiwa kuziba pengo na hisa zinahesabiwa upya. Chacha akiishia milioni 18 na Baraka akaziba 12, Baraka ana 72 kati ya 120, yaani asilimia 60, Chacha 15, Asha anabaki na 25 zake.

Anayesimamia vifaa apimwe kwa hesabu. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9 huingia karibu 10 kwa mita moja ya mraba ya ukuta. Kuta za mita za mraba 400 ni matofali 4,000, pamoja na 200 ya yatakayovunjika. Akiagiza 6,000, aeleze yanakwenda wapi.

Nyumba ikianza kupangishwa

Pango liingie kwenye akaunti ya ubia yenye saini mbili, lisipitie simu ya mbia yeyote. Kila sehemu iwe na LUKU yake. Asilimia 15 ya pango ibaki akiba mpaka ifike pango la miezi sita, ndipo mgawane yote yanayobaki. Msimamizi aruhusiwe matengenezo hadi Sh 300,000 bila kuuliza. Zaidi ya hapo wenye zaidi ya nusu ya hisa wakubali. Kuuza au kuweka rehani, wote. Ndugu wa mbia akipangishwa kwa 150,000 badala ya 250,000, ile laki moja ikatwe kwenye gawio la mbia huyo kila mwezi.

Kipengele cha kutoka kiandikwe siku hiyo hiyo ya kusaini. Anayetaka kutoka awauzie wenzake kwanza, kwa bei ya mthamini waliyemkubali wote, wawe na siku 90 za kujibu na miezi 12 ya kulipa kwa awamu. Wakishindwa, auze nje. Akifariki, warithi wake wanapokea gawio la hisa au thamani yake, hawahamii chumbani. Hati halisi ikae benki au kwa wakili, na kila mbia awe na nakala iliyothibitishwa.