Tairi za tela kwa bajeti ndogo: soma namba kwanza, kashata baadae

Wenzangu wenye matela madogo hapa Dodoma, haya ya kuvuta na pikapu kubebea maji, zabibu za Hombolo au mbuzi wa mnada wa Msalato, tuongee kidogo kuhusu tairi. Watu wengi wakifika dukani wanapitisha kidole kwenye kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara), wakikuta bado nene wanalipa wanaondoka. Kwa tela hiyo haitoshi kabisa, maana tairi zake nyingi zinakufa kwa uzee, jua na mzigo kabla hata kashata haijaisha, tela linakaa uani miezi mitatu linachomwa tu halafu siku moja linapakiwa tani nzima linapelekwa Kondoa.

Kwa hiyo anza na umri. Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho utakuta namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona geuza tairi, mara nyingi zipo upande mmoja tu. Mtumba uliopita miaka mitano mi sichukui hata akishusha bei vipi, na hata wa miaka mitatu bonyeza ubavu kwa nguvu kwenye mwanga, ukiona vinyufa vidogo vidogo vinafunguka mrudishie mwenyewe.

Pili ni mzigo, na hapa ndo pesa inapookolewa. Simtanki la lita 1000 likijaa ni kilo 1000, weka na tela lenyewe tuseme kilo 350, jumla 1350. Tairi ni mbili so kila moja inabeba kama 675, ongeza akiba ya asilimia 20 kwa ajili ya mashimo na matuta, unafika 810. Sasa soma namba ya mzigo, iliyo kabla tu ya herufi ya spidi mwishoni mwa saizi: 91 ni kilo 615, 100 ni 800, 104 ni 900. Hapo unatafuta 104. Wengi wanafunga 91 za gari ndogo kwa sababu zinaingia kwenye rimu, halafu zikipasuka wanalaumu barabara.

Hela ikiwa ndogo nunua mbili zinazofanana, ile ya zamani yenye nafuu ifanye spea. Usifunge radiali (zenye waya ndani) huku na nailoni (za nyuzi za nailoni) kule. Zenye maandishi ST zimetengenezwa kwa ajili ya tela, ni nzuri, ila nyingi mwisho wake ni kilomita 105 kwa saa, na ukiwa na mzigo we tembea 80.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa la baridi. Kwa ST jaza ule wa juu ulioandikwa ubavuni, usikubali fundi akuwekee PSI 30 kwa mazoea ya gari ndogo, upepo mdogo unafanya ubavu ujikunje, unachemka, tairi linaachia. Nunua geji yako mwenyewe, bei yake haifiki hata robo ya tairi. Na likiwa la moto njiani usitoe upepo eti umezidi, likipoa litakuwa chini.

Ukiona kashata inaisha pembeni zote mbili ni upepo mdogo, ikiisha katikati umezidi, ikiisha upande mmoja ekseli imepinda, hapo tairi jipya ni kutupa hela mpaka unyooshe. Pancha ya mwiba wa mgunga kwenye kashata inazibika vizuri, ya ubavuni hapana, hata fundi akikuhakikishia.

Tela likipaki muda mrefu funika tairi kwa viroba au turubai, likiweza kuinuliwa juu ya mawe bora zaidi. Safarini ukisimama Gairo au Mtera gusa habu (vitovu vya magurudumu) zote kwa tahadhari, moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake beringi inaomba grisi. Na kama umefunga tairi siku hiyo, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100.