Viazi vitamu vya oveni kwa mwenye kisukari: vichemshe kwanza

Mama mkwe wangu ana kisukari, na tangu ahamie kwetu Kirumba hataki kuachishwa viazi. Mwanzoni nilikuwa namwokea vizima, saa nzima, kwa moto wa taratibu. Vilitoa utomvu wa kahawia uliogandia kwenye trei. Utomvu ule ni sukari: kiazi kikipata moto polepole, wanga wake hugeuka maltosi. Ndiyo maana kiazi cha kuoka hupandisha sukari mwilini kuliko cha kuchemsha. Kipimo chake kilinionyesha hivyo, nikabadili upishi.

Hatua ya 1. Osha viazi, visugue, usivimenye. Maganda yana nyuzinyuzi. Viazi lishe vya rangi ya chungwa ni vizuri kwa vitamini A, ila wanga vinao pia, rangi isikudanganye.

Hatua ya 2. Kata vipande vya unene wa kidole gumba. Maji yachemke kwanza ndipo uvitumbukize. Dakika 8 zinatosha. Uma uingie kwa kusukuma kidogo.

Hatua ya 3. Chuja, viache vipoe kabisa. Mimi huvilaza kwenye friji, kwa sababu wanga uliopoa sehemu yake humeng'enywa kwa shida.

Hatua ya 4. Washa oveni nyuzi 200. Changanya viazi na kijiko cha mafuta ya alizeti, kitunguu swaumu, pilipili manga na chumvi kidogo. Asali usiweke. Oka dakika 15, kisha kamulia limao. Huna oveni? Tumia sufuria nzito, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama unavyooka keki.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu, maana kumpakulia mzazi kidogo tunaona aibu. Gramu 100 za viazi zina wanga wa gramu 20 hivi, na kwa mama hicho ndicho kiasi cha mlo mmoja. Ugali usiwepo tena. Viazi vikae robo ya sahani, robo sato wa kuchoma au dagaa, nusu nzima iwe matembele au mchicha. Michembe nayo ihesabu: ni kiazi kilekile, maji tu yamekauka.

Anayetumia insulini au vidonge asibadili dozi mwenyewe, na mwenye tatizo la figo amuulize daktari kwanza, kwani viazi vina potasiamu nyingi.

Pima sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye, uandike kwenye daftari. Ikipanda sana, mlo ujao punguza vipande viwili vya viazi, samaki mwache alivyo.