Uzi wa blanketi la kichanga

Nikienda sokoni Darajani, Unguja, kununua uzi wa mablanketi ya sadaka, nausugua kwanza shavuni. Ukiwasha, naurudisha. Wenye manyoya marefu siugusi: vinyweleo hung'oka, mtoto akavivuta puani.

Lebo ikiwa imepotea, ili ujue ni uzi wa nini, kata kipande urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sinia, ukiwashe. Pamba hunuka karatasi iliyoungua, ikaacha jivu laini. Sufu hunuka nywele, na moto wake huzimika upesi. Akriliki, uzi wa kiwandani kama plastiki, huyeyuka ikabaki kidonge kigumu cheusi. Ikidondokea ngozi hunata. Nyumba zetu hizi za majiko ya mkaa na vibatari, mimi kichanga namfumia pamba tu. Nayo hushika moto, basi mwambie mama aliweke blanketi mbali na jiko. Fuma vitanzi vya karibu karibu, vidole visinase, kisha lifue kabla ya kulitoa.